Mwalimu wa Kinanda na Ukurasa wa Tatu

Mwalimu wangu wa kinanda hakuwa mtu wa kusalimiana kwa mkono. Alitoa kiwiko. Alianza kutoa kiwiko miaka mingi kabla ya corona kutulazimisha sote kufanya hivyo, na corona ilipofika alitembea mtaa wetu wote wa Kianda akiwa na uso wa mtu ambaye hatimaye serikali imemwelewa. Mikono yake, alisema, ni mali ya muziki. Haikufua, haikumenya viazi, haikubeba maji. Majirani zake wa Kawangware walisimulia kwamba siku alipokosa wa kumchotea maji alivaa glavu za sufu, akaukumbatia mtungi kifuani, akapanda nao ngazi kama mtu anayecheza dansi na shangazi yake.

Shingoni alining'iniza kikata kucha kwa kamba ya kiatu. Hakuna aliyegusa kinanda chake kabla ya kusimama mlangoni na kunyoosha vidole. Ukucha ukionekana umevuka nyama hata kidogo, alikukabidhi kile chuma bila neno, nawe ukaukata palepale huku wenzako wakikusubiri. Mtu huyu alinikatisha kucha mara nyingi kuliko mama yangu mzazi. Lakini yeye mwenyewe alifuga ukucha mmoja, wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mrefu na wa manjano, uliogonga vitufe tik tik kila alipopiga. Musyoka, mwanafunzi mwenzangu ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alimwuliza siku moja kwa nini ule haukatwi.

"Huu ni ukucha wa msanii," Mwalimu akajibu. "Nawe utoke nje ukatafakari."

Musyoka akatoka nje, akatafakari kwa kununua mahindi choma.

Tulisomea chumba cha nyuma cha kanisa moja la mabati pale Kianda, katikati ya viti vya plastiki na sufuria za harusi. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Siku nyingine alifundisha karibu na kituo cha Kawangware 46, alikoishi. Kinanda kilikuwa kimoja, cha umeme, na alikisafirisha mgongoni kikiwa kimeviringishwa kwa shuka la Kimaasai, yeye juu ya boda boda, mgongo wima, kinanda kikichungulia juu ya kichwa chake. Vijana wa boda boda walimkimbia. Si kwa ubaya, bali kwa sababu alikuwa akiwaelekeza mwendo kimuziki. "Sasa mwendo wa adhama," angesema kwenye matuta. "Sasa changamka kidogo, usikimbie."

"Buda, hii ni pikipiki, si harusi," mmoja alimwambia nikisikia.

Alivaa koti jeusi lenye mkia nyuma, alilolitoa mitumba, akaliita koti la jukwaani. Kifuani lilikuwa na matundu mawili madogo mahali palipowahi kubandikwa jina. Musyoka alisema ni koti la weita wa hoteli kubwa, na akaapa kwamba ndani ya mfuko kulikuwa na kijiti cha meno. Mimi sikuuona huo mfuko, ila nililiamini lile neno mara moja, na tangu siku hiyo kila Mwalimu alipoinama juu ya kinanda nilihisi anakaribia kuniuliza kama nitakula kuku au samaki.

Mnaweza kuuliza kwa nini basi tulikwenda. Tulikwenda kwa sababu tulikuwa na haja moja tu, kuingia chuo cha muziki mjini, na Mwalimu alikuwa wa chuo. Ndivyo alivyosema. Hakusema alisoma chuo, wala alihitimu. Alisema "kule kwetu chuoni," kama mtu anayezungumzia nyumba ya baba yake. Kule kwetu chuoni mlango ni wa mbao nzito. Kule kwetu chuoni kuna mjakaranda unaomwaga maua hadi barabarani, na ua wa michongoma, na ghorofani dirisha lenye pazia la kijani. Tulikaa midomo wazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba maelezo yake yote yalikuwa ya nje.

Na kuingia huko, alisema, hakuingii mtu kabla yeye hajamwambia nenda. Neno hilo sikumsikia akilisema hata mara moja. Ulipomwuliza, alikuchukua mkono, akakibonyeza kidole cha pete, akafumba macho kama daktari anayetafuta mshipa.

"Bado. Kidole cha nne kimelala."

Kilikuwa kimelala kwangu, kwa Musyoka, kwa msichana wa mtaa wa Makina aliyekuwa mzuri kutushinda sote, na kwa mzee mmoja fundi viatu aliyekuja kwa ajili ya kwaya tu, hakuuliza habari za chuo kabisa. Mama yangu, anayeuza mboga njia ya Olympic na hana subira na mambo ya kulala, alimfuata siku moja hadi mlangoni.

"Mwalimu, huyu msichana amemaliza form four. Hiyo kidole itaamka lini?"

"Mama, muziki hauharakishwi."

"Wenzake wameolewa na vidole hivyo hivyo, na pete zikaingia."

Mwalimu akampa kiwiko cha kwaheri. Mama alirudi nyumbani akicheka mpaka akalia, kisha akakasirika.

Nisije nikaonekana nimesema uongo, mtu huyu alifundisha. Alifundisha kwa ukali na kwa njia zake mwenyewe, lakini alifundisha. Stima ilipopotea, na Kianda stima hupotea kama soksi, hakutupa ruhusa ya kwenda nyumbani. Alitoa mbao. Alikuwa na mbao tano zilizochorwa vitufe, kazi ya mchoraji mabango wa Makina, nasi tulizipiga kwa kimya, vidole vikigonga mti mtupu, huku yeye akipita nyuma yetu.

"Umekosea," angesema.

"Lakini Mwalimu, haina sauti!"

"Mimi nimesikia."

Sasa, yule mchoraji alikuwa hodari wa kuchora simba kwenye kuta za mabucha, ila kinanda hakuwahi kukitazama vizuri. Kwenye kinanda halisi vitufe vyeusi vimekaa viwili, halafu pengo, halafu vitatu, halafu pengo. Yeye alivipanga moja kwa moja bila pengo hata moja, kama meno ya chanuo. Ukiketi mbele ya ubao ule hujui uko wapi. Sisi tuliliona kosa siku ya kwanza. Mwalimu naye aliliona, niliona jicho lake likitetemeka, lakini fundi alikuwa amekwisha kulipwa na rangi imekwisha kukauka, na mtu wa chuo hawezi kuonekana ametapeliwa na mchora simba.

"Hivyo vya ziada ni mtihani," akasema. "Mwanafunzi makini havigusi."

Musyoka alibandika bazoka, ile chingamu ya ladha ya ndizi, juu ya kila kitufe cha ziada kwenye ubao wake, tukaanza kusoma kwa kutazama bazoka. Nakiri mpaka leo nikiwa na wasiwasi jukwaani nanusa ndizi ya bandia.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kitufe cha transpozi. Wapiga kinanda wengi wa makanisa yetu wanajua kupiga mahali pamoja tu. Mama wa kwaya akianzisha pambio juu au chini ya hapo, hawahamishi vidole. Wanabonyeza kile kitufe, na kinanda chenyewe kinapanda au kushuka kumfuata mama. Mwalimu alikiita kitufe cha uvivu, wakati mwingine cha Shetani, kutegemea nani anasikiliza. Alibandika plasta ya kidonda juu yake ili asishawishike nacho mtu yeyote. Aliyeigusa plasta alipigishwa ubao mtupu wiki nzima.

Basi Jumapili moja tulikuwa tumekaa kiti cha nyuma yake. Alikuwa amealikwa kupiga ibada, kwa koti lake lote. Mama mmoja mnene aliyekuwa na furaha kubwa mno akaanzisha pambio kutoka mbinguni, juu kabisa, mahali ambapo hata malaika wangeomba kiti. Mwalimu akatafuta. Vidole vikapapasa hapa, vikapapasa pale. Jasho likamtoka shingoni. Kisha mkono wa kushoto ukajitenga kimyakimya, ule ukucha mrefu ukaingia chini ya plasta, ukaiinua upande, ukabonyeza, ukabonyeza tena, ukairudisha plasta mahali pake. Kinanda kikapanda. Kanisa likasema haleluya. Ndipo tulipoijua kazi ya ukucha wa msanii.

"Mwalimu, leo umeguza ile kitu," Musyoka akamwambia nje.

"Nilikuwa napangusa vumbi."

"Vumbi ikapanda key tatu?"

Nilidhani atamfukuza. Badala yake alipandisha mabega, akamtazama Musyoka kwa huruma kubwa, akasema kwamba kule chuoni nako hupangusa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimbana ukutani anageuka ukuta.

Alizungumza Kiswahili cha mtangazaji wa redio, kila neno limepigwa pasi. "La hasha." "Aghalabu." "Tuliza kifundo cha mkono, ewe binti." Hasira zikimpanda tu, pasi inazimika: "Wee! Toa mkono hapo, unapiga piano ama unafinya chapo?" Tulimpenda zaidi akiwa hivyo. Kitabu cha noti hakutaka kukiona darasani. Kitabu, alisema, ni cha wanaosahau. Alitupigia, tukasikiliza, tukarudia, na kila kitu alikuwa nacho kichwani, sauti kwa sauti, bila kupoteza hata moja. Hilo sitamnyang'anya.

Na kulikuwa na kile kipande. Kila aliyepita mikononi mwake alikipiga, kipande kimoja cha kale cha Wazungu, cha polepole, kizuri cha kukuvunja moyo. Alikifundisha kwa miezi. Kilikuwa na mahali fulani pa ajabu ambapo muziki ukiwa umepamba moto unasimama ghafla, mkono wa kulia unainuka hewani, unatulia, unarudi, safari inaendelea.

"Hapo mtunzi alipumua," Mwalimu alisema. "Asiyepumua hapo hajui muziki."

Basi tukapumua. Kianda yote ilipumua hapo, na Kawangware 46 pia. Na mwisho wake ulikuwa wa ajabu vilevile, kwani wimbo ulipanda, ukapanda, ukakaribia kusema neno, ukanyamaza. Mikono magotini. Kichwa kinainama. Kwisha. Mara ya kwanza nilipousikia nilingoja, nikamwuliza kama ndiyo imeisha. Alinitazama kwa macho yaliyolowa, akasema watu wakubwa hawamalizi maneno yao. Nilikwenda nyumbani nikilifikiria hilo njia nzima. Nililala nikiwa nimeamini kwamba nimefunuliwa siri ya sanaa.

Chuo nilikwenda bila ruhusa yake. Mama alinitoa nyumbani asubuhi akiwa amenishika mkono kama mtoto wa nasari, kidole cha nne kikiwa kimelala au kimeamka, haikumhusu. Nilipofika nilifurahi, kwa sababu kila kitu kilikuwa kama alivyosema. Mjakaranda huu hapa. Michongoma hii hapa. Mlango mzito, na juu dirisha lenye pazia la kijani. Nilijiona nimefika kwetu. Kisha mlango ukafunguliwa, na kuanzia hapo sikujua chochote.

Ndani ya chumba cha usaili waliketi mama mmoja mwenye mvi na kijana mmoja mwenye tai. Kulikuwa na piano kubwa, ya kweli, isiyo na plasta mahali popote. Nikapiga kipande chetu. Nilipiga vizuri, najua nilipiga vizuri, maana nilimwona yule mama akiacha kuandika. Nikafika pale pa mtunzi, nikainua mkono, nikapumua kwa heshima zote. Nikaendelea. Nikapanda, nikapanda, nikafika karibu na lile neno, nikanyamaza. Mikono magotini. Nikainama.

Wakanisubiri.

"Endelea," akasema mama mwenye mvi.

"Imeisha, Madam."

"Imeisha wapi?"

"Hapo. Watu wakubwa hawamalizi maneno yao."

Kijana wa tai alianza kukohoa, kikohozi kile cha kuficha kicheko, akageukia dirishani mabega yakimtikisika. Mama mwenye mvi hakucheka. Aliinuka, akachomoa rafuni kitabu kilichochapwa upande mmoja tu wa kila karatasi, akakifungua mbele yangu. Sikujua kusoma noti, lakini alizifuata kwa kidole huku akiimba taratibu, nami nikafuata.

"Hapa ndipo uliposimama mara ya kwanza," akasema. Kidole chake kilikuwa pembeni kabisa, chini, mwisho wa ukurasa wa kwanza. Akaugeuza. Kuugeuza kule kulichukua muda uleule wa pumzi yetu. "Na hapa ndipo ulipomalizia." Mwisho wa ukurasa wa pili. Akaugeuza tena, na ng'ambo kulikuwa na ukurasa wa tatu, umejaa noti hadi chini. "Aliyekufundisha hiki alijifunza kwa kumsikiliza mtu anayegeuza kurasa. Na mtu huyo hakufika mwisho. Nani alikufundisha?"

Nikamtaja jina. Nikasema ni wa hapa, ni mtu wenu wa zamani. Wakatazamana. Mama mwenye mvi, aliyekuwa hapo tangu ujana wake, akatikisa kichwa polepole.

Walinichukua. Yule mama mwenye mvi alisema nina masikio na nina mikono, nilichokosa ni kitabu, na kitabu hufundishwa. Lakini nilikwenda nje nikakaa chini ya ule mjakaranda nikalia kwa aibu na hasira. Nilikuwa nimeikaribia nafasi ya maisha yangu na nusura niipoteze kwa sababu ya mtu aliyekuwa akituuzia kugeuza ukurasa na kukuita pumzi.

Jumamosi nikamfuata Kianda. Nilimkuta na darasa zima, mbao magotini.

"Mwalimu, ukurasa wa tatu uko wapi?"

Hata Musyoka alikuwa amekaa vizuri. Mwalimu alikishika kile kikata kucha shingoni, akakizungusha, akakiachilia.

"Ukurasa wa tatu," akasema, "ni wa wale wanaotaka kuharibu kazi ya ukurasa wa pili."

Nikatoka nikiubamiza mlango wa mabati ukalia mtaa mzima. Nyuma yangu nilimsikia akiwaambia wenzangu, kwa kile Kiswahili cha pasi, kwamba ameshawapigia simu rafiki zake wa chuoni wanipokee, ingawa kidole bado. Na wao, wajinga wapendwa, wakapiga makofi.

Hatukusemezana kwa miaka. Nilisoma nikamaliza, na siku hizi nafundisha wanaoanza, chuoni humohumo. Habari zake nilizipata kwa Musyoka, ambaye sasa anapiga kinanda kanisani Kawangware 46, transpozi wazi bila plasta, na anakula vizuri.

"Mzee amepatikana," akaniambia siku moja kwa simu, sauti imejaa raha. "Watoto wa siku hizi si sisi. Wamesaka ile ngoma kwa simu, wakai-play hapo klasini. Ikafika pale pa kuisha, ikaendelea!"

"Akasema nini?"

"Akasema video ni feki."

Nilicheka kwa sauti ofisini. Nilikuwa nimeingoja habari hiyo, na nilipoipata niliilamba kama asali. Musyoka akaendelea, sasa bila kicheko, kwamba wengine wameacha kuja, na mzazi mmoja amemwambia wazi mbele ya watu kwamba yeye Mwalimu hajawahi kuona ndani ya chuo chochote. Mwalimu alikuwa ameviringisha kinanda akaenda nyumbani, na wiki iliyofuata hakuonekana Kianda wala popote.

Ilikuwa baada ya hapo, mchana mmoja, niliposikia mabishano langoni. Nikachungulia. Askari wetu alikuwa amesimama katikati ya lango, na mbele yake koti jeusi lenye mkia.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Mimi ni wa hapa."

"Wa hapa wa wapi? Mimi niko hapa kila siku na sikujui."

Niliteremka ngazi kwa haraka ambayo sikuipanga. Alikuwa amezeeka. Koti lilikuwa limemzidi mabega, na mvi zilikuwa zimeshuka hadi kwenye nyusi. Aliponiona alijikaza, akanyoosha kiwiko.

"Karibu, Mwalimu," nikasema, nikakigusa kwa changu.

"Nimekuja kukagua ala," akasema.

Nikamwambia askari kwamba huyu ni mwalimu wangu, na ilikuwa kweli, na hata hivyo iliniuma kusema hivyo. Mlangoni Mwalimu alisimama kupangusa viatu. Alivipangusa mbele, akavipangusa nyuma, akavipangusa tena, mpaka nikaogopa kwamba ataondoka. Kisha akaingia, kifua mbele, akaukata ukumbi moja kwa moja kwa hatua za mwenye nyumba.

"Darasa langu lilikuwa hapa," akasema, akafungua mlango kwa nguvu.

Lilikuwa stoo ya ndoo na mafagio. Alizitazama zile ndoo kwa muda.

"Wamelibadilisha," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Wamebadilisha mengi."

Nikampandisha ghorofani, kwenye chumba cha pazia la kijani. Hakuitazama piano. Alikwenda dirishani, akalivuta pazia, akainama kuangalia chini kwenye michongoma na barabara upande wa pili, pale wauzaji mayai na soseji za smoki wanapopanga vikaango vyao. Alikaa hapo akitazama.

"Kumbe kutoka hapa mtu wa nyuma ya michongoma haonekani," akasema.

Nilikuwa na maneno ya miaka, makali, niliyoyanoa vizuri, na yote yakanipotea.

"Yule msichana wa piano hapa juu alikuwa mvivu sana," akaendelea, bado ameangalia chini. Sauti ya redio ilikuwa imezimika. "Mimi nauza mayai hapo, yeye ako hapa juu. Kila wiki anapiga, anafika hapo sisi huishia, anaacha. Miezi yote hiyo. Halafu siku moja hakuja tena. Na mimi nimesimama hapo na mayai nangoja."

Nikaketi kwenye piano. Sikumwuliza. Nikaanza kile kipande, na bila kujua nilikuwa nakipiga kwa mwendo wake, ule wa adhama. Mwisho wa ukurasa wa kwanza sikusimama.

"Pumua!" akafoka, akaruka hatua moja mbele.

Sikupumua. Nikaingia ukurasa wa pili, nikapanda, nikapanda, nikafika pale karibu na lile neno. Nilisikia nyuma yangu makofi yakianza, kofi moja, la pili, kama alivyozoea kutupigia. Nikaendelea. Makofi yakakatika. Nilipiga ukurasa wa tatu wote bila kugeuka, mpaka neno likasemwa, mpaka sauti ya mwisho ikafa yenyewe ndani ya mbao.

Nilipogeuka alikuwa ameketi kwenye kiti cha wanafunzi, mikono magotini. Machozi yalikuwa yamemshuka na hakuyapangusa. Nilijua kwamba sasa atasema. Nilingoja aseme alikosea, au aseme asante, au angalau lile neno moja, nenda, nililolingoja tangu nikiwa msichana.

"Mwisho ni mrefu bure," akasema. "Na kidole cha nne bado kimelala."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikashika piano. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinamia kifua chake, anakitafuta kile kikata kucha kwenye kamba yake ya kiatu. Akakipata. Akaunyoosha mkono wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka kile chuma kwenye ukucha wa msanii, akabana. Ulikatika kwa shida, mara mbili, ukaanguka sakafuni.

Kisha akanionyesha vidole vyote kumi, kama tulivyomwonyesha mlangoni pale Kianda, akangoja nivikague.